Fundi anasema silinda ya chini imekufa: nifungue injini?

Swali: Shikamoo mzee. Nina boti ya mbao inayopakia abiria na magunia ya dagaa kati ya Mwamgongo na Kibirizi, hapa Ziwa Tanganyika, Kigoma. Injini ni ya nguvu farasi 40, ya viharusi viwili (two-stroke), silinda mbili, kabureta moja. Ni ya zamani, nimeirithi kwa marehemu baba. Tangu mwezi uliopita haina nguvu. Boti ikiwa tupu inakwenda, ikipakia inazidiwa na kutetemeka mpaka abiria wanageuka kuniangalia. Plagi ya juu inatoka kavu, rangi ya kahawia. Ya chini inatoka nyeusi na imelowa. Fundi alitoa plagi ya chini, akaziba tundu kwa kidole gumba, mimi nikavuta kamba. Akasema kompresheni hakuna, silinda imekufa, tufungue, tuchonge silinda iwe pana kidogo, tuweke pistoni mpya. Anachotaka ni karibu mapato yangu ya miezi miwili. Nimpe?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Usimpe bado. Sisemi fundi wako ni mwongo, inawezekana kabisa akawa ameona sawa. Lakini katika yote uliyoeleza hakuna linalothibitisha kwamba silinda imekufa. Yanathibitisha kwamba haifanyi kazi, basi. Silinda inaweza kuwa nzima kabisa na isifanye kazi hata kidogo, kwa sababu imenyimwa moto, au imemwagiwa mafuta mengi kuliko inavyoweza kuchoma. Pesa yako ya miezi miwili imekaa hapo katikati.

Tuanze na plagi, maana ndiyo imeshasema mengi. Plagi nyeusi iliyolowa maana yake mafuta yanafika na hayaungui. Silinda iliyokosa mafuta hutoa plagi kavu, nyeupe nyeupe. Kwa hiyo tayari tumepunguza njia: ama moto haupo, ama mafuta yanaingia kupita kiasi, ama mbano, yaani hiyo kompresheni, ni mdogo kiasi kwamba mchanganyiko haushiki. Ila kwanza hakikisha kilicholowesha ni petroli. Futa ncha ya plagi kwenye kipande cha boksi. Petroli hutawanyika na kukauka upesi, ikiacha oili na masizi. Maji hubaki matone. Kisha peleka plagi juani, utazame ile kauri nyeupe ya ncha kwa makini, ukiwa na kioo cha kukuzia ni bora zaidi. Ukiona chembe ndogo zinazong'aa kama fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni iliyoanza kuyeyuka, na hapo usiwashe tena hata mara moja. Ukikuta kauri safi mno kana kwamba imeoshwa kwa mvuke, maji yanapenya ndani, mara nyingi kwa gasketi ya hedi (kifuniko cha juu ya silinda) iliyoungua. Kama ni nyeusi tu, yenye oili na harufu ya petroli, endelea nami.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mgonjwa ni silinda ya chini kweli. Funga boti imara, injini iwe ndani ya maji ya ziwa kwa kina chake cha kawaida, gia iwe huru. Usiiwashe nchi kavu hata kwa dakika moja. Impela ya pampu ya maji ni ya mpira, ikizunguka bila maji inajisaga yenyewe, na utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili. Injini ikiwa imezimwa, chomoa kofia ya plagi ya juu, ingiza bolti ndani ya kofia hiyo, uifunge bolti kwa waya kwenye chuma cha bodi ya injini. Usiache kofia ikining'inia hewani, kwa sababu umeme usiopata pa kwenda huirudia koili na kisanduku cha umeme na kuvichoma. Na usichomoe kofia injini ikiwa inaunguruma kama wafanyavyo wengi, utapigwa shoti mbele ya mvuke wa petroli. Sasa washa. Ikigoma kuwaka, au ikiwaka na kufa, silinda ya chini haibebi chochote. Zima, rudisha ya juu, ifanyie hivyo hivyo ya chini. Ukiona injini inaunguruma sawasawa na ilivyokuwa mwanzo, kana kwamba hujaondoa kitu, umempata mgonjwa wako.

Halafu geji ya kupimia kompresheni. Kidole gumba hakipimi kompresheni. Kidole kinaweza kukuambia kwamba upo mbano au haupo kabisa, lakini silinda yenye PSI 95, kipimo cha mbano kinachosomwa kwenye geji, na yenye 65 zote zitakisukuma kidole, na ukiwa na mkono wenye oili utaona hazina tofauti. Geji wanayo mafundi wa pikipiki, nenda Mwanga, hapo Kigoma mjini, uulize, hutakosa wa kukuazima au kuja nayo mwaloni, pale boti zinapotia. Hakikisha mdomo wake unaingia kwenye nyuzi za plagi yako, ambazo kwa injini nyingi za aina hii ni za milimita 14. Iwashe injini ipate joto kidogo, kisha uzime. Toa plagi zote mbili, si moja, na kofia zote mbili zifungwe kwenye bodi kama nilivyosema. Fungua mafuta mpaka mwisho, ili kipepeo cha kabureta kiwe wazi na hewa iingie. Funga geji, vuta kamba kwa nguvu mara sita au saba, mpaka mshale uache kupanda. Andika namba. Hamia silinda ya pili, vuta idadi ileile, mtu yuleyule. Fundi anayevuta mara tatu upande huu na mara saba upande wa pili amejipima mwenyewe, hajapima injini.

Namba zenyewe zisikutishe. Vitabu vya injini na mafundi wa pwani huzungumza namba za usawa wa bahari. Sisi maji ya ziwa letu yako karibu mita 770 juu ya bahari, hewa ya hapa ni nyepesi, na geji ileile iliyosoma 100 Dar es Salaam itasoma kama 92 hapa Kibirizi kwenye injini ileile iliyo nzima. Nimeona injini ikihukumiwa kwa PSI nane ambazo ni za mlima. Unachotafuta ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikiwa ya juu ni 95 na ya chini 90, mbano si tatizo lako, mrudishie fundi pistoni yake. Tofauti ikivuka asilimia 10 anza kuwa na wasiwasi, ikivuka 15 kuna jambo. Ya juu 95 na ya chini 60, hapo fundi wako alikuwa sahihi kwamba mbano umepotea, ingawa bado hajajua kwa nini.

Kama geji haipatikani kabisa, fanya hivi: toa plagi ya chini, iache ya juu, vuta kamba polepole usikie inavyokaza inapofika kileleni. Kisha geuza, toa ya juu uiache ya chini. Mkono wako unaijua kamba hiyo kila alfajiri, utasikia tofauti kubwa kama ipo. Si kipimo, lakini ni afadhali kuliko kidole.

Tuseme geji imetoa namba zinazokaribiana. Sasa tafuta moto. Anza kwa kubadilishana plagi: ya juu iende chini, ya chini uisafishe iende juu. Ugonjwa ukihama na plagi, umemaliza kazi, nunua plagi mbili mpya za namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini yako, si namba iliyopo dukani siku hiyo. Usipohama, angalia nyaya. Kwenye injini nyingi za silinda mbili, koili ni moja na inatoa nyaya mbili, zote zikirusha moto kwa wakati mmoja. Hizo unaweza kubadilishana nyaya bila shida kama urefu unafika. Lakini kama kila silinda ina koili yake, hamisha koili nzima, usihamishe waya wa plagi peke yake, kwa sababu kila koili hupigwa kwa zamu yake na utakuwa umevuruga majira. Ugonjwa ukihamia juu, mwenye kosa umemshika mkononi.

Mara nyingi sana kosa liko kwenye kofia ya plagi. Izungushe kama skrubu, itatoka kwenye waya. Tazama ndani: ukiona unga wa kijani kwenye nyuzi za shaba, hapo moto ulikuwa unapotelea. Kata waya nusu sentimita kufikia shaba inayong'aa, rudisha kofia kwa kuizungusha mpaka ishike. Na ukitaka kuona kwa macho yako jinsi moto unavyovuja, subiri usiku wa giza, fungua kofia kubwa ya injini, hakikisha hakuna petroli inayodondoka popote na tangi liko mbali, kisha uwashe boti ikiwa majini. Waya uliopasuka utarusha cheche za samawati kwenda kwenye bodi. Mchana huzioni. Moto unaoonekana mzuri plagi ikiwa nje unaweza kushindwa ndani, kwa sababu kuruka kwenye hewa iliyobanwa kunahitaji umeme mwingi zaidi. Ndiyo maana injini yako inajitahidi ikiwa tupu na kufa ganzi ikipakia: unapofungua mafuta mengi, silinda inajaa zaidi, mbano unapanda, na moto dhaifu unakatika.

Sasa nifike mahali ambapo, kwa uliyoniandikia, ndipo moyo wangu ulipo: pampu ya mafuta.

Injini hizi hazina pampu ya umeme. Pistoni ikipanda na kushuka, chumba kilicho chini yake, kile cha krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), kinavuta na kusukuma hewa. Pumzi hiyo hupitishwa kwenye tundu dogo au mpira mwembamba mpaka kwenye pampu, na humo kuna kiwambo chembamba kinachocheza mbele na nyuma kikivuta petroli kutoka tangini. Upande mmoja wa kiwambo kuna petroli, upande wa pili kuna pumzi ya silinda. Na hiyo pumzi haitoki silinda zote. Kwa kawaida inatoka kwa moja. Kiwambo kikichoka kikapasuka, petroli inapita mle mle kwenye njia ya pumzi na kuingia moja kwa moja kwenye chumba cha silinda hiyo moja. Silinda hiyo inakuwa inakunywa kwa kabureta kama mwenzake, na juu yake inamwagiwa petroli mbichi isiyopimwa na mtu. Plagi yake inalowa, inakuwa nyeusi, inazimika. Mwenzake anabaki mkavu, kahawia safi, akibeba boti peke yake. Petroli ile mbichi pia huosha oili ukutani mwa silinda, na mbano unasoma chini kidogo kuliko ulivyo. Sasa soma tena barua yako uone umeeleza nini.

Niliwahi kuletewa injini ya namna hii kutoka Ilagala. Mwenyewe alikuwa ameshauziwa pistoni, ringi (pete za pistoni zinazoziba hewa) na gasketi, viko kwenye boksi, na boksi lenyewe amelipakata mapajani njia nzima. Nilifungua skrubu za pampu, nikatoa kiwambo, nikakinyoosha kuelekea jua. Karibu na ukingo, pale kinapobanwa na chuma, palikuwa na mpasuko mfupi kama alama ya ukucha. Ukikilaza mezani huuoni. Ukikikunja kidogo kwa vidole viwili, unafunguka kama mdomo. Tulibadilisha kiwambo, tukaweka plagi mpya, tukaiacha injini ichome petroli iliyokuwa imejaa ndani, ikatoa moshi mweupe mzito kwa muda, kisha ikakaza sauti. Pistoni aliirudisha dukani, na nashukuru dukani walikubali kuipokea.

Namna ya kujua kwako: tazama pampu iko wapi. Kwenye injini nyingine imejengwa ubavuni mwa kabureta, kwenye nyingine imefungwa kando ya bloku. Kama ina mpira mwembamba wa pumzi, uchomoe injini ikiwa imezimwa. Mpira huo unapaswa kuwa na hewa na ukungu wa oili tu. Petroli ikidondoka humo, kiwambo kimepasuka, huna haja ya kuuliza zaidi. Kama hauna mpira, bonyeza ile pampu ya mkono ya kwenye mpira wa tangi mpaka ikaze, iache dakika tano. Ikilegea yenyewe na hakuna uvujaji wa nje, huenda petroli inapita ndani mahali fulani: ama sindano ya kabureta haifungi, ama kiwambo. Fungua pampu uangalie kwa jua kama nilivyokueleza. Weka alama kwa msumari kwenye vifuniko kabla ya kuvitenganisha ili uvirudishe vilivyokuwa. Na hata ukikuta kizima, kama ni kile cha enzi za mzee, nunua kipya. Petroli hukikausha, na hela yake hailingani kabisa na hela ya kuchonga.

Pampu ikiwa nzima, moto uko, mbano uko, na silinda bado imelala, yamebaki mawili ambayo geji haiyaoni. La kwanza ni ridi, vile vibati vyembamba vya nyuma ya kabureta vinavyoruhusu mchanganyiko uingie bila kurudi. Kibati kimoja kikivunjika au kikibaki wazi, utaona kabureta inatema ukungu wa petroli kurudi nje injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikiunguruma polepole bila kufunguliwa mafuta. Tafuta pia kipande kilichovunjika kimekwenda wapi, usifunge mpaka umekipata. La pili ni sili za krankishafti, zile pete za mpira zinazozuia hewa isipite kando yake. Silinda ya chini ndiyo iliyo jirani na njia ya moshi na maji, na sili yake ya chini hukaa mahali pagumu. Ikichoka, chumba kinavuta hewa ya uongo au moshi, mchanganyiko unaharibika, na beringi ya chini inaanza kuota kutu. Ila hiyo kwa kawaida hutoa plagi kavu, nyeupe, kinyume na yako, kwa hiyo siitilii mkazo hapa.

Basi tuje kwenye lile ambalo fundi wako analiogopa, tuseme geji imesema 95 juu na 60 chini. Hata hapo usikimbilie kuchonga. Mimina kijiko kimoja cha oili ya injini kwenye tundu la plagi ya chini, vuta kamba mara mbili tatu ienee, kisha upime tena. Namba ikipanda sana, hewa inapita kwenye ringi. Ikibaki palepale, hewa inatokea juu, kwenye gasketi ya hedi, na gasketi hubadilishwa bila kugusa pistoni. Kwenye viharusi viwili kipimo hiki si amri ya mahakama, kwa sababu oili inaweza kukimbilia kwenye matundu ya moshi, lakini kinakupa mwelekeo.

Na kama ni ringi, bado kuna swali: zimekwisha, au zimenata? Injini inayokwenda polepole kwa masaa, kama zile za wavuvi wanaozunguka taa za dagaa usiku kucha, hujaza masizi kwenye mifereji ya pistoni. Ringi zinagandamana humo na haziwezi kutanuka kugusa ukuta. Mbano unaanguka, na chuma chote ni kizima. Toa plagi, pistoni zikiwa katikati ya mwendo wake, mimina dawa ya kuyeyusha masizi kwenye tundu, iache usiku kucha. Asubuhi vuta kamba plagi zikiwa nje, kitambaa kikiwa juu ya matundu, rudisha plagi, peleka boti mbele kwa nguvu robo saa. Pima tena. Nimeona silinda iliyohukumiwa ikirudi kutoka 70 mpaka karibu na mwenzake kwa dawa ya chupa moja.

Kabla ya kung'oa hedi, mwombe fundi afungue kifuniko cha njia ya moshi cha ubavuni. Kwenye injini nyingi hizi kupitia matundu hayo unaiona pistoni na ringi zake kwa tochi, huku ukizungusha gurudumu la juu taratibu kwa mkono. Ubavu wa pistoni laini wenye rangi ya kijivu unatosha kukuambia tulia. Ukiona michirizi mirefu kama kucha za paka, haya, sasa ni kuchonga kweli.

Hapo nakuomba jambo moja zaidi kuliko yote niliyoandika: usiweke pistoni mpya kabla ya kujua ya zamani imekufa kwa nini. Kilichoiua bado kipo ndani ya injini, au ndani ya dumu lako, kinangoja mpya. Ishike pistoni iliyotoka uisome. Michirizi ya upande mmoja, ule wa kutokea moshi, mara nyingi ni oili iliyopungua au mafuta yaliyokuwa haba. Michirizi kuzunguka kote ni joto, maji hayakupita. Ukingo wa juu ulioliwa kama umetafunwa na panya, au tundu katikati ya kichwa, ni moto uliolipuka kwa wakati usio wake: mafuta haba, plagi ya namba isiyo yake, au boti iliyozidishwa mzigo huku mafuta yamefunguliwa mpaka mwisho.

Kuhusu oili, nakuuliza unapima kwa nini? Naona wengi mwaloni wanapima kwa chupa ya soda kwenye dumu la lita 20. Chupa ya soda ya mililita 350 inatosha lita 17 na nusu kwa kipimo cha 50 kwa 1, ambacho ndicho cha injini nyingi za umri huo. Lita 20 zinataka mililita 400. Soda moja kwenye dumu zima ni 57 kwa 1, na siku ambayo dumu limejaa mpaka shingoni ni mbaya zaidi. Tafuta chupa, ichore mstari wa 400 kwa rangi, iwe ya kazi hiyo tu. Oili iwe ya injini za boti za viharusi viwili, ile iliyoandikwa TC-W3, usichukue ya pikipiki. Na uichanganye ndani ya dumu kwa kulitikisa. Usimwage oili tangini juu ya petroli halafu ukaondoka.

Kuhusu maji, angalia kile kijito kinachotoka nyuma, pale injini inapokojoa. Kikiwa chembamba au cha moto mno kwa mkono, impela imeliwa na mchanga. Boti zinazopandishwa ufukweni huku propela bado inachimba mchanga huimaliza upesi sana.

Ukichonga, nunua pistoni kwanza, ya oversaizi, yaani kubwa kuliko ya asili kwa milimita 0.25 au 0.50, upeleke pistoni na bloku pamoja, ili silinda ichongwe kufuata kipimo cha pistoni ile ile. Anayechonga kwanza kisha akatafuta pistoni sokoni amecheza bahati nasibu. Silinda ya juu ikiwa nzima si lazima iguswe. Lakini kama ya chini imemwaga aluminiamu, krankishafti lazima ioshwe na beringi zikaguliwe, maana chembe zile zimeshashuka huko. Gasketi ya hedi iwe mpya. Saa 10 za mwanzo changanya 25 kwa 1, yaani mililita 800 kwa lita 20, usifungue mafuta yote, na usibebe abiria.

Injini zinazokaa hufa pia. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, nyingi zilikaa na petroli kwenye kabureta, silinda kavu. Zilipoamshwa, kabureta zilikuwa na gundi na kuta zimeota kutu nyembamba. Hapa Kigoma tunao mfano mkubwa wa kinyume chake. Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa ziwani na mafundi wake wenyewe mwaka 1916, lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mashine zilikutwa bado zinafaa kutumika, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Wewe huhitaji grisi: ukijua boti italala zaidi ya wiki mbili, chomoa mpira wa mafuta injini iishiwe yenyewe, kisha weka kijiko cha oili kila silinda, vuta kamba mara mbili, rudisha plagi.

Na kwa sasa, mwanangu, usipakie watu kwa injini inayoenda kwa silinda moja. Ufuko wa kutoka hapo kwenu kupita Gombe una mawe, na kusi ikianza kuvuma mchana, injini ikizima unasukumwa kwenye mawe kabla hujamaliza kufungua kofia. Silinda moja iliyobaki inabeba kazi ya mbili na ndiyo itakayofuata. Wiki hii ya mbalamwezi, wavuvi wakiwa hawatoki na mafundi wana nafasi, ndiyo ya kufanya kazi hii.

Anza na pampu, kwa sababu ya ile plagi iliyolowa. Kisha nitumie namba mbili za geji, ya juu na ya chini, unieleze injini ilikuwa ya moto au baridi ulipopima, na unipigie picha kiwambo umekishika kuelekea jua. Fundi wako awepo wakati unapima, muonyeshe namba, mzungumze kwa hizo.